Kioo cha motokari ya zamani: tusiweke cha dirisha la nyumba

Jamaa nyingi kati yetu zinaishi kwa motokari ya zamani. Ni Land Rover inayoleta mihogo na makala toka kijijini, au Kombi ya Volkswagen inayopeleka watoto shuleni. Injini fundi anaitengeneza, tairi linabadilishwa. Lakini siku jiwe linapasua kioo cha mbele, tunaambiwa: “Hiki hakipatikani tena.” Ndipo wengine wanakata kioo cha dirisha la nyumba na kukiweka. Juma hili tunazungumzia jambo hilo, maana linagusa uzima wa watoto wetu.

Vioo havifanani

Kioo cha nyumba kikivunjika kinatoa vipande virefu, vikali kama visu. Kwa motokari, breki moja ya ghafula inatosha kumjeruhi mtoto shingoni au machoni.

Kioo cha mbele kinachofaa ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa kinapasuka, lakini vipande vinabaki vimeshikamana. Wazo hilo ni la Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1909.

Vioo vya milango kwa kawaida ni vya namna nyingine. Vinapashwa moto kupita digrii 600, kisha vinapozwa haraka kwa upepo. Vikivunjika vinakuwa punje ndogo zisizo kali sana. Lakini kioo hicho hakikatwi tena: fundi akijaribu, chote kinasambaratika. Kwa hiyo kinakatwa kwanza kwa kipimo, halafu ndipo kinapitishwa motoni.

Namna ya kutengeneza kingine

Tuangalie kwanza kama kioo ni bapa au kimepinda. Land Rover za zamani, Citroën 2CV, na Kombi zilizotengenezwa mpaka 1967, zenye kioo cha mbele cha vipande viwili, zina vioo bapa. Hapo kuna tumaini. Fundi anachora umbo juu ya karatasi ngumu, akilipima kwa fremu yenyewe na kuacha nafasi ya mpira. Kisha anakata kioo cha tabaka mbili: anakwaruza upande mmoja, kisha wa pili, na mwishoni anakata utando wa katikati. Kingo zinasuguliwa mpaka zisikate mkono.

Kioo kilichopinda, kama cha Peugeot 504, ni kazi ya kiwanda. Vioo viwili vinalazwa pamoja juu ya fremu ya chuma ndani ya tanuru, vinalegea na kufuata umbo lake. Kisha utando unawekwa katikati, na vyote vinashikanishwa kwa joto na mkandamizo mkubwa. Kutengeneza fremu hiyo ndiko kunakokula feza. Kwa hiyo wenye motokari za namna moja wakiagiza pamoja, kila mmoja analipa kidogo. Sisi tunaojua likelemba, hilo si jambo geni.

Wakati wa kukiweka, fundi mzuri anavalisha kioo mpira, anapitisha kamba ndani ya mfereji wa mpira huo, na kuupaka maji ya sabuni. Mmoja anasukuma toka nje, mwingine anavuta kamba toka ndani, polepole.

Kabla ya kulipa

Tuombe kuona ukingo wa kioo kabla hakijawekwa. Kama ni cha tabaka mbili, mstari wa utando unaonekana katikati. Tutafute pia alama pembeni: herufi E ndani ya duara inaonyesha kwamba kioo kimepimwa kwa ajili ya motokari. Kilichokatwa na fundi kinaweza kukosa alama, basi ukingo ndio shahidi wetu.

Na kama leo motokari ya jamaa ina kioo cha dirisha, watoto wasikae mbele mpaka kibadilishwe. Mama, zungumza na dereva kesho asubuhi, kabla hajawasha injini.