Mbwa Anapolaza Kichwa Upande

Leo tunawaacha ng'ombe na kuku kidogo, tumzungumzie mlinzi wa boma, yaani mbwa.

Bila shaka umeliona jambo hili. Unasema na mbwa wako, naye anasimamisha masikio, anakutazama usoni, kisha analaza kichwa upande mmoja. Watoto hucheka. Wazee husema, "Huyu anaelewa maneno." Je, kuna ukweli?

Upo, ingawa si wote. Mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Lakini kwa kujua sauti imetoka wapi hasa, mtu humshinda mbwa. Kwa hiyo wako wanaoeleza kuwa akilaza kichwa, sikio moja likawa juu na jingine chini, huipima sauti vizuri zaidi. Wengine husema sababu ni pua, maana pua ndefu humzuia asiuone mdomo wako. Mtaalamu mmoja wa Canada, Stanley Coren, aliwauliza watu 582 wenye mbwa. Kwa mbwa wa pua ndefu, watu 71 katika kila 100 walisema mbwa wao hulaza kichwa mara kwa mara. Kwa mbwa wa uso bapa walikuwa 52. Tofauti ipo, lakini ona, hata hao wa uso bapa wamezidi nusu! Basi pua peke yake haitoshi.

Mwaka 2021 watafiti wa Budapest, nchini Hungaria, walitoa habari nyingine. Waliwafundisha mbwa majina ya vitu vya kuchezea, kisha wakawaagiza wavilete. Mbwa wengi walishindwa, wachache wakaweza. Hao wachache walilaza kichwa mara 43 katika kila mara 100 walizoagizwa. Wengine mara 2 tu. Yaelekea mbwa hufanya hivyo anapotega sikio na kukumbuka. Basi wale wazee hawakuwa mbali sana.

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuchague somo hili. Kichwa kilicholala kwa kusikiliza hunyooka baada ya muda mfupi tu. Kichwa kinachobaki upande, mbwa akila, akitembea, hata usipomsemesha, hicho ni cha ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa wenyewe uko sikioni, upande ule kichwa kilikoelemea.

Mtazame mchana, penye mwanga. Anajikuna sikio? Anatikisa kichwa? Pana harufu mbaya, usaha, au uchafu mweusi kama machicha ya kahawa? Huenda ni kupe, au vidudu vidogo mno, au mbegu ya majani yenye ncha iliyoingia alipokuwa malishoni. Kupe aliye nje mng'oe. Vya ndani usivichokoe kwa kijiti, wala usimimine mafuta ya taa au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Utaharibu ngoma ya sikio, na mbwa kiziwi hamsikii fisi. Mpeleke kwa Bwana Mifugo. Akianza kuzunguka, kuanguka, au macho yakichezacheza, ujue ugonjwa umefika ndani. Usingoje siku ya mnada.

Lakini kabla hujamshika, mtazame kwa mbali. Mbwa anayeyumba, taya limelegea, mate yanamtoka, sauti imebadilika, au anauma vitu ovyo, usimguse. Wengi hudhani amekwama mfupa, wakatia mkono kinywani. Kumbe ni kichaa cha mbwa! Waondoe watoto na mifugo, mzuie asitoke kama unaweza kufanya hivyo bila kumkaribia, kisha umwite Bwana Mifugo.

Mtu akiumwa, au mate yakimwingia kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kuchomwa sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno kupona.

Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, na chanjo hurudiwa kama Bwana Mifugo atakavyokupangia. Ukienda kwake kwa ajili ya sikio, mfunge mbwa kamba imara, uchukue na cheti cha chanjo, na umweleze kichwa kimelala upande gani na tangu lini.