Saa Iliyo Ndani ya Mwili

Wasomaji wenzangu, nataka kuwaeleza habari za saa tusiyoiona. Hapa Makebuko jua huchomoza karibu saa 12 mwaka mzima, na wazee wetu walitaja saa kwa ng'ombe wanapotoka kwenda malishoni na wanaporudi. Lakini kila mtu anayo saa nyingine ubongoni, mahali mishipa ya macho inapokutana. Mwanga wa asubuhi huirekebisha. Giza likiingia, tezi ndogo hutoa homoni iitwayo melatonini, nayo huuarifu mwili kuwa ni usiku. Karibu na kuamka, homoni ya kotisoli huongezeka.

Saa hiyo ikikosa jua hupotea. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa pangoni miezi miwili bila saa. Alipoambiwa muda umekwisha, tarehe 14 Septemba, alidhani ni 20 Agosti.

Homa nayo huiharakisha hesabu ya ubongo. Mwaka 1933 Mmarekani Hudson Hoagland aliandika habari za mkewe aliyekuwa na homa kali. Alipohesabu sekunde 60, alimaliza kabla ya dakika kutimia. Kwa hiyo mgonjwa wa malaria bwenini huona usiku hauishi. Akisema, "Saa ya dawa imepita," hasemi uongo. Ndivyo ubongo wake unavyomwambia. Basi sisi tunaomwuguza tusimkasirikie, wala tusimpe dawa kwa kukisia kwake. Tutazame saa ya ukutani.