Upepo ni wa bure, mbona tokeni bado ghali?

UKINUNUA tokeni leo, sehemu ya hela yako inaishia Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Huko ndiko kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, mradi mkubwa zaidi wa aina hiyo nchini.

Swali la mtaani ni moja: kama upepo haununuliwi, kwa nini stima haishuki bei?

Anza na mkopo. Jenereta ya dizeli inataka mafuta kila siku. Mtambo wa upepo haunywi mafuta, lakini sehemu kubwa ya gharama yake unailipa mwanzoni. Mradi huu ulimeza zaidi ya Yuro milioni 600, nyingi zikiwa za kukopa. Kenya Power ikasaini mkataba wa miaka 20 kununua umeme huo, tena kwa bei ya Yuro. Shilingi ikiyumba, tunalipa zaidi kwa upepo ule ule.

Halafu kuna nyaya. Mitambo ilikuwa imesimama tayari 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, ilikamilika Septemba 2018. Mwanakandarasi kutoka Uhispania alikuwa amefilisika kabla ya kumaliza kazi. Mkataba ulisema laini ikichelewa, mwenye mitambo afidiwe. Tukalipa mabilioni kwa stima ambayo haikuwasha hata balbu moja!

Tatu ni saa. Upepo wa kule huvuma sana usiku, wakati wewe umelala na viwanda vingi vimezima mashine. Bila betri kubwa za kuuhifadhi, umeme mwingine hauna pa kwenda.

Na kuna ardhi. Mwaka 2021, mahakama mjini Meru iliamua kuwa hatimiliki za ekari 150,000 za mradi hazikupatikana kisheria. Jamii isiposikizwa mapema, kesi nazo huwa gharama.

Je, upepo ni hasara basi? Hapana. Umeme unaotoka Loiyangalani husaidia kupunguza dizeli inayochomwa, na mvua ikikosa kujaza mabwawa ya Tana, upepo husaidia kuziba pengo.

Kwa hivyo mradi mwingine ukizinduliwa kwa mbwembwe, uliza: nani anajenga laini na itaisha lini? Tunalipa kwa pesa gani? Na saa tisa usiku, nani atatumia hiyo stima? Majibu yakikosekana, jua bili inakuja kwako.