Gereji ya Wakala au Gereji Binafsi?

Kabla ya kulinganisha bei, soma masharti ya dhamana ya gari lako. Gari jipya lililonunuliwa kwa wakala wa mtengenezaji huwa na dhamana yenye kikomo, mathalani miaka 3 au kilomita 100,000, na mara nyingi hutakiwa lifanyiwe matengenezo kwa wakala huyo. Katika kipindi hicho tunashauri uyafuate masharti, japo bei yake ni ya juu.

Hata hivyo, magari mengi nchini yaliagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na hayana tena dhamana hiyo. Mwenye gari la namna hii halazimiki kwenda kwa wakala. Gereji binafsi yenye fundi mahiri yatosha, na si wachache waliojifunzia kazi kwa mawakala hao hao.

Tunachokihofia ni vipuri bandia, hususan pedi za breki. Kubalianeni bei kwa maandishi kabla kazi haijaanza, taka ukabidhiwe kipuri kilichotolewa, kisha dai ankara inayotaja kila kipuri kilichofungwa pamoja na risiti ya EFD. Bila nyaraka hizo, lalamiko utakaloleta kwetu litakuwa gumu kuthibitishwa.