Kabla ya Kumwombea Mama Grinikadi

Mtu akishaapa kuwa raia wa Marekani, jina la kwanza linalotajwa nyumbani ni la mama. Sheria imempa nafasi nzuri: raia aliyetimiza miaka 21 humwombea mzazi wake kwa fomu I-130, na viza za wazazi hazina kikomo cha idadi kwa mwaka. Kinachosubiriwa ni kazi za ofisini, si foleni.

Taabu huanzia kwa kitinda mimba. Tuseme mama anaishi Mwanza na binti wa miaka 15. Familia nyingi huamini binti ataingia kwenye viza ya mama. Haingii: ombi la mzazi wa raia humbeba mzazi peke yake. Kaka aliye raia anaweza kumwombea mdogo wake, ila ndugu wa raia wako daraja la nne, lenye viza zipatazo 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na kusubiri kwake huzidi miaka kumi. Njia fupi zaidi ni mama afike, apate grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), kisha yeye mwenyewe amwombee bintiye. Nayo huweza kula miaka, na katika muda huo binti hatakiwi kuolewa: mwenye grinikadi haruhusiwi kumwombea mtoto aliye kwenye ndoa, na ombi lililokwishapokelewa hufutika siku anapoolewa. Mama naye hawezi kurudi Mwanza akakaa na mwanawe apendavyo. Akipitisha miezi 6 nje huanza kuhojiwa. Akipitisha mwaka bila kibali alichokiomba kabla ya kuondoka, anaweza kuhesabiwa ameuacha ukaazi.

Hapo ndipo wakili anapostahili malipo yake. Kujaza fomu wengi wanaweza. Kazi ngumu ni kupanga nani atangulie, binti atalelewa na nani, na kama inafaa kaka amwombee mama na mdogo wake siku ileile ili tarehe ya foleni ya mdogo ianze kuhesabiwa mapema. Mimi huona inafaa mara nyingi, mradi familia ijue kwamba baada ya ombi hilo, viza ya kutembea tu itakuwa ngumu kwa binti kuipata.

Mwambieni wakili pia juu ya cheti cha kuzaliwa. Waliosajiliwa ukubwani ni wengi kwetu, na cheti kilichotolewa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, miaka 30 baada ya kuzaliwa huzua maswali. Tafuteni mapema cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, kumbukumbu za shule. Vikikosekana, kipimo cha DNA hukubaliwa.

Anayeombea husaini pia fomu I-864, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Huo ni mkataba kamili. Haukomi mpaka mgeni awe raia, afanye kazi kwa takriban miaka 10, ahame Marekani moja kwa moja, au afariki. Nimeona watu wakiusaini kama hati ya kupokelea mzigo, na inanisikitisha.

Na vishoka wapo, hata ndani ya jumuiya zetu. Ushauri wa sheria ya uhamiaji Marekani hutolewa na wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na wote hujitambulisha kwa fomu G-28. Anayechukua fedha zenu akakataa kuweka jina lake kwenye fomu hiyo, msimwachie pasipoti ya mama.