Je, Wajua? Leseni, Kitambulisho na Ile Asilimia 10

Je, wajua kuwa kila halmashauri ya Tanzania Bara inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ili ikopeshe vikundi? Mgawo ni 4-4-2: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Kikundi kikikopa milioni 5, kinarejesha milioni 5 ileile.

Wajua fedha hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwako. Ni ushuru wa meza sokoni, ada ya leseni, ushuru wa machinjio. Mama ntilie anayekatiwa risiti ya ushuru asubuhi, hata sahani ya kwanza ya wali hajauza, ndiye anayeujaza mfuko huo. Siku akienda kuomba mkopo haombi hisani, anafuata chake.

Zamani mgawo ulikuwa 5 kwa 5, wanawake na vijana tu. Watu wenye ulemavu hawakuwamo. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa, na lililokuwa agizo likawa lazima.

Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zilikuwa zimeonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kuanza kukopesha kupitia benki. Hatua ilikuwa ya lazima, lakini inauma: kikundi cha washona nguo waliorejesha kila shilingi kilikaa zaidi ya mwaka kikisubiri kwa kosa la watu ambao hata hawapo.

Wajua leseni yako ya biashara ni kundi gani? Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 inazigawa mbili. Kundi A hutolewa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Kundi B ni la halmashauri: duka la rejareja, saluni, mgahawa. Leseni hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa, kwa hiyo iliyokatwa Agosti haiishi Desemba. Itundike ukutani mahali panapoonekana. Siku hizi maombi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tausi wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu. Andaa namba ya mlipakodi (TIN) mapema, maana bila hiyo huendi popote.

Machinga je? Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja Sh 20,000. Walengwa walikuwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Piga hesabu: ni kama Sh 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, si faida. Toa nauli, toa mtaji wa kesho, uone kinachobaki cha kununulia unga.

Wajua mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatakiwi kutozwa ushuru wa mazao? Ni tangu 2017. Ukisimamishwa getini na magunia yako matano ya mahindi, sema hivyo kwa adabu, na usiondoke kabla hujasikilizwa.

Julai 2025 Serikali ilitaja shughuli 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Raia anayemfichia mgeni biashara hizo naye anaadhibiwa. Usikubali kuazimisha jina lako.

Na ninyi wenye kikundi ambacho bado ni cha maneno tu: kisajilini. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mwulizeni halmashauri imetenga kiasi gani mwaka huu, na dirisha la maombi linafunguliwa lini. Anatakiwa kuwajibu.