Kura Huanzia Nyumbani

Nyakati za kampeni tunadhani kwamba mtu huamua msimamo wake wa kisiasa mkutanoni, mbele ya jukwaa. Kwa kweli sehemu kubwa ya uamuzi huo imekwisha kufanyika miaka mingi kabla, nyumbani kwa wazazi wake. Mtoto mdogo hajui chama chochote. Lakini anajua nani nyumbani kwao husikilizwa na nani hunyamazishwa, chakula kikiwa kidogo hugawiwaje, na mgeni husemwaje akishaondoka.

Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, uliwahesabu wazazi kuwa walezi wa kwanza, na familia kuwa mahali pa kwanza pa kujifunza fadhila za kijamii.

Tumtazame Mwalimu Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliyekuwa na wake wengi. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Mwaka 1962, alipoandika juu ya ujamaa, msingi wa hoja yake aliuchota katika ukoo: watu wanaogawana walicho nacho, na ambamo kila mwenye nguvu anafanya kazi. Hata methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu aliitumia. Siasa yake ilikuwa, kwa sehemu kubwa, nyumba iliyopanuliwa ikawa taifa.

Lakini malezi hayo hayo yana upande wa pili, nasi tusione haya kuusema, ingawa Jimbo la Musoma limefungua mchakato wa kumtangaza kuwa mwenye heri. Mfano wa wazee wanaozungumza mpaka wapatane aliutumia pia kutetea mfumo wa chama kimoja, uliowekwa kisheria mwaka 1965. Katika ukoo, anayekupinga ni ndugu yako na jioni mtakula pamoja. Katika dola, anayepinga aliweza kuwekwa kizuizini. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1990 Mwalimu mwenyewe alihimiza mjadala wa vyama vingi, vikarejeshwa mwaka 1992. Alikuwa na umri wa karibu miaka sabini. Malezi humwelekeza mtu, hayamfungi.

Sisi mapadre nasi tumelelewa. Kanuni ya 287 ya Sheria za Kanisa inatuzuia kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, lakini hakuna kanuni inayofuta yale tuliyoyasikia tukiwa watoto kando ya mafiga. Tunapohubiri juu ya haki, mara nyingine ni baba zetu wanaosema, na inatupasa kuwachunguza.

Kwa familia zetu za Ntobeye na Ngara yote, jambo hili si la nadharia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Mauaji yaliyotangulia yalipangwa na wanasiasa na kuchochewa na redio. Lakini redio ilisikilizwa majumbani, na katika nyumba nyingi jirani alikuwa amekwisha kupewa jina la dharau. Hapa kwetu wazee wanakumbuka kuni zilivyokwisha na mashamba yalivyoharibiwa. Ni kumbukumbu ya kweli, wala hatuwalaumu kuisimulia.

Ila tunasikia katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza mtoto wa miaka kumi akimwita mwenzake “mkimbizi” kwa kumtukana, ilhali wote wawili wamezaliwa kijiji kimoja, na kambi zile za 1994 hakuna aliyeziona. Baada ya miaka minane mtoto huyo atapiga kura.

Tunawaomba basi wanajumuiya, mtakapokutana kusali, mzungumze swali hili moja, na watoto wawepo: neno lile amelipata wapi?